Nani Ameiona Atomu? Mjadala wa Tanurini, Nyakabuye

Nyakabuye ni sekta ya wilaya ya Rusizi, eneo ambalo watu wengi bado wanaliita Cyangugu, kwenye pembe ya Rwanda inayopakana na Kongo na Burundi. Huko Mashyuza maji hutoka ardhini yakiwa moto, na jina linasema hivyo hivyo: kwa Kinyarwanda, amashyuza ni chemchemi za maji ya moto. Maji hayo hayaji mikono mitupu. Yanabeba kalsiamu na kaboni kutoka mwambani. Yakifika juu gesi hutoroka hewani, na nyuma yake hubaki jiwe lenye vitundu vitundu ambalo wajiolojia huliita travatini. Ni jiwe la aina hiyo linalosagwa kwa saruji katika kiwanda cha Cimerwa cha Bugarama, kilichoanza mwaka 1984, na ni hilo hilo likichomwa linalotoa chokaa, ishwagara kwa lugha ya wenyeji.

Mjadala huu nimeupanga mbele ya tanuri la chokaa. Wasemaji wanne nimewabuni mimi: mzee aliyechoma mawe tangu ujana wake, mjukuu wake, binti wa sekondari, mwalimu wa fizikia, na mama anayelima mlimani na kufanya biashara ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu. Hoja zao sikuzibuni. Nimezisikia kila mahali mwalimu anapochora ubaoni kijijua kidogo na vijisayari vinavyokizunguka, kisha anageuka na kusema: hii ndiyo atomu. Swali ni kama mchoro huo ubaki au ufutwe.

MZEE: Nianze mimi, kwa kuwa jiwe ni langu. Mjukuu wangu amenionyesha daftari lake. Kuna duara, nukta nene katikati, na vinukta pembeni. Nikamuuliza hiki ni nini, akaniambia, babu, hili ni jiwe lako. Mimi jiwe lililoiva nalijua kwa mlio nikiligonga. Hizo nukta sijakutana nazo. Nani ameziona?

MWALIMU: Mzee, swali hilo wakubwa wa sayansi walikutangulia kuliuliza. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alikataa kuzikubali atomu kuwa kitu halisi mpaka uzeeni. Mambo yalibadilika baada ya Einstein, mwaka 1905, kueleza jinsi vumbi dogo linavyotetemeka ndani ya maji tulivu kwa kugongwa na molekyuli, na Jean Perrin wa Ufaransa kulipima tetemeko hilo kwa darubini na kupata hesabu. Tangu mwaka 1981 kuna chombo kilichobuniwa na Binnig na Rohrer kule Zurich, chenye ncha nyembamba inayopapasa uso wa metali atomu moja baada ya nyingine.

BINTI: Lakini mwalimu, chombo hicho kinaonyesha vinundu tu vilivyojipanga. Hakijaonyesha duara wala sayari. Kwa hiyo atomu ina shahidi, ila mchoro wako hauna.

Binti amegusa penyewe, na nitamrudia. Kabla ya hapo nataka mzee ajue kwamba yeye mwenyewe ni shahidi, tena wa kale kuliko darubini zote hizo.

MWALIMU: Mzee, ukipakia tanurini kilo 100 za jiwe safi, likiiva unatoa kilo ngapi?

MZEE: Hazifiki sitini. Hata ukoleze moto siku nyingine nzima, hazipungui tena. Ukitoa mapema, zinakuwa nyingi, lakini hapo jiwe ni bichi ndani na mnunuzi atakurudishia.

MWALIMU: Na zile arobaini na kitu zimekwenda wapi?

MZEE: Zimepanda na moshi. Baba yangu alisema jiwe lina pumzi yake, moto unaitoa.

Pumzi ya jiwe! Joseph Black, daktari wa Uskoti, aliipima pumzi hiyo katika miaka ya 1750. Alichoma mawe ya aina hii, akapima uzito kabla na baada, akathibitisha kwamba kilichopotea ni gesi iliyokuwa imefungwa ndani. Leo tunaiita kaboni dioksaidi. Jiwe safi la chokaa lenye kilo 100 huacha kilo 56 za chokaa na kutoa kilo 44 za gesi, liwe limetoka Mashyuza, Tanga au Uskoti. Jiwe lenye udongo litapotoka kidogo kwa sababu ya uchafu wake, lakini sehemu iliyo safi haipotoki.

Kwa nini 56, na si 50 leo na 61 kesho? Hapa ndipo John Dalton wa Manchester aliposimama kwenye kitabu chake cha mwaka 1808. Uji unaweza kumpunguzia mgeni nusu kijiko, robo kijiko, tone. Mayai huwezi, yanahesabika moja moja. Dalton alisema mata ni kama mayai. Ndani ya jiwe letu, kila atomu moja ya kalsiamu ina kaboni moja na oksijeni tatu. Kalsiamu ina uzito wa 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu ni 48. Jumla ni 100. Moto unaondoa kaboni moja na oksijeni mbili: 12 na 32, jumla 44. Inabaki kalsiamu na oksijeni moja: 56. Mzee amekuwa akihesabu atomu kwa mizani miaka yote hiyo, na hakuna aliyekwenda kumwambia.

MZEE: Kama ni hesabu, hiyo naielewa. Sasa niambie, hiyo kalsiamu ya 40, arobaini ya nini?

MWALIMU: Ya chembe zilizobanana kwenye kiini chake. Protoni 20, zenye chaji chanya, na nyutroni 20, zisizo na chaji. Kuzunguka kiini kuna elektroni 20 zenye chaji hasi, lakini hizo mizani haizijali sana: protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Elektroni ilitambuliwa na J. J. Thomson kule Cambridge mwaka 1897. Nyutroni ilichelewa, ilipatikana na James Chadwick mwaka 1932.

MAMA: Na kiini nani alikiona?

MWALIMU: Alikigonga, mama. Mwaka 1909, pale Manchester, Hans Geiger na kijana Ernest Marsden walirusha chembe zenye chaji chanya, zitokazo kwenye madini yenye mnunurisho, kwenye karatasi ya dhahabu nyembamba mno. Karibu zote zilipenya. Chache sana, moja katika maelfu, zilirudi nyuma. Bosi wao Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alikaa na jambo hilo hadi mwaka 1911 akatoa jibu: chaji yote chanya, na karibu uzito wote wa atomu, vimesongamana mahali padogo katikati. Ni kama kurusha mawe kwenye kichaka usiku. Mengi yanapita, moja linarudi kwa kishindo. Mti hujauona, lakini umejua upo, na ukirusha ya kutosha utajua hata unene wake.

Udogo huo unastahili kipimo cha mkono. Tuchukue kiini cha kalsiamu tukikuze kiwe punje ya haragwe, sentimita moja. Atomu yenyewe itakuwa na upana unaozidi nusu kilomita. Iweke punje hiyo chini, penye chemchemi, kisha tembea mpaka uchoke kidogo. Ukingo wa atomu uko karibu hapo.

MAMA: Basi kati ya haragwe na ukingo hakuna kitu? Jiwe lote ni utupu? Mbona likiniangukia mguuni linavunja?

MWALIMU: Vitabu vingi husema ndiyo, sehemu kubwa ni nafasi tupu.

BINTI: Mimi hapo ndipo ninapokataa, na ndiyo sababu yangu ya kutaka mchoro ufutwe. Mchoro unaonyesha elektroni kama nzi wachache ndani ya ukumbi. Kweli ukiuangalia, unaona utupu. Lakini elektroni haina njia moja ya kupita. Imetanda, kama ukungu wa asubuhi unavyotanda bondeni Bugarama, mahali pengine mzito, pengine mwepesi. Ukungu wa jiwe na ukungu wa mguu wa mama haukubali kuingiliana, ndiyo maana mguu unaumia.

Naungana na binti. Neno "tupu" limewapotosha wasomaji wengi, likawafanya waone kwamba fizikia imetangaza dunia kuwa kivuli. Kinachokosekana kati ya kiini na ukingo ni uzito. Elektroni zipo kote humo, kwa namna ambayo lugha ya kijiwe na duara haiwezi kuibeba.

BINTI: Na kuna kosa kubwa zaidi. Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba chembe yenye chaji ikizunguka hutoa mwanga na kupoteza nguvu. Basi elektroni inayozunguka kama sayari ingepoteza nguvu, ingeshuka, ingeshuka, ikaangukia kwenye kiini kabla hata hujapepesa jicho. Kusingekuwa na jiwe la babu. Kusingekuwa na babu. Mchoro unaosema jiwe haliwezi kuwapo, tunauchora ili kueleza jiwe?

MWALIMU: Umesema kweli, na Rutherford alijua. Niels Bohr wa Denmaki alijaribu kuuokoa mchoro mwaka 1913. Alisema elektroni ina ngazi zake zilizoruhusiwa, na katikati ya ngazi haikai. Hesabu yake ikakubali vizuri kwa hidrojeni, ikashindwa kwa atomu kubwa. Mwaka 1925 na 1926 Heisenberg na Schrödinger wakaja na hesabu nyingine, na hapo njia za sayari zikafa. Hayo yote nayajua, mwanangu. Lakini mimi nina wanafunzi wengi, ubao mmoja na mtihani wa taifa. Nikichora kalsiamu yenye elektroni 2, 8, 8, kisha 2 nje, hata aliye nyuma kabisa anaona kwa nini kalsiamu ni nyepesi kutoa zile mbili za nje, na kwa nini oksijeni yenye pengo la mbili inazipokea. Chokaa yote ni huko kupeana. Nikimchorea ukungu, ataona nini?

Mwalimu naye hakukosea. Mpangilio wa 2, 8, 8, 2 ni kweli. Kinachodanganya ni reli tulizozichora ili elektroni zipite juu yake. Hesabu ya ngazi ibaki, reli zing'olewe. Ila naona mabishano haya ya mchoro yamewaacha nje watu wawili kati ya wanne, na hilo ni kosa la shule zetu kuliko mchoro wenyewe. Mama ana neno.

MAMA: Mimi sikusoma fizikia. Nina shamba juu, upande wa msitu wa Nyungwe. Maharagwe yanatoka manjano, mizizi mifupi, minene, kama imeungua. Afisa kilimo akasema udongo una asidi, nitie ishwagara. Nikatia, nikavuna. Sasa mnabishana kuhusu nukta. Nukta hizo zina nini na maharagwe yangu?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Atomu ya hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, basi. Ikinyang'anywa elektroni yake, kilichobaki ni protoni peke yake, uchi. Asidi ni hiyo: protoni zisizo na wenyewe, zinazoshikamana na molekyuli za maji na kutafuta pa kukaa. Udongo wa miinuko inayopata mvua nyingi, kama ile ya Nyungwe, umeoshwa kalsiamu yake kwa karne nyingi, na protoni zimechukua nafasi. Kipimo cha asidi (pH) kikishuka kutoka 5.5 hadi 4.5, ujue protoni hizo zimeongezeka mara 10. Zinalegeza alumini iliyolala udongoni, nayo inaingia kwenye maji na kuidumaza mizizi. Ndiyo mizizi mifupi minene ya mama.

Jiwe la mzee lililosagwa likitiwa shambani, kila chembe yake ya kaboneti, ile kaboni moja yenye oksijeni tatu, inanasa protoni mbili. Kinachotoka ni maji na ile pumzi, kaboni dioksaidi, na kalsiamu inabaki kumlisha mmea. Ukitaka kuona kwa macho, kamulia ndimu juu ya kipande cha travatini. Povu unaloliona ni protoni za ndimu zikinaswa.

MZEE: Povu hilo ndilo tunalopimia jiwe! Lisilotoa povu hatulichomi.

MAMA: Basi kumbe protoni nimezinunulia dawa miaka yote hii.

BINTI: Na kumbe jiwe la babu halifi. Maji ya Mashyuza yamelijenga, moto umelitoa pumzi, na chokaa ikipakwa ukutani inanyonya gesi ile ile hewani na kurudi kuwa jiwe. Kalsiamu ni zile zile.

MWALIMU: Kwa sababu moto wa kuni unagusa elektroni za nje tu. Kiini hakijui kama kuna tanuri. Hata joto la kiwanda cha saruji, nyuzi 1,450 hivi, halibandui protoni hata moja.

MAMA: Nyutroni bado. Protoni nimeiona shambani, elektroni iko kwenye umeme. Hiyo isiyo na chaji kazi yake nini?

MWALIMU: Protoni husukumana, maana zote ni chanya. Nyutroni zinaongeza gundi ya kiini bila kuongeza ugomvi. Idadi ya protoni ndiyo inayotoa jina: wewe unayevuka mpaka umesikia gasegereti, koltani na wolframu. Gasegereti inatoa bati, protoni 50. Koltani inatoa tantalamu, 73. Wolframu inatoa tungsteni, 74. Kati ya tantalamu ya simu yako na tungsteni ichimbwayo Nyakabingo, Rulindo, tofauti ya msingi ni protoni moja. Nyutroni hazibadili jina. Zinabadili uzito, na wakati mwingine zinabadili hatima.

MAMA: Hatima ya nani?

Hapa sitamwachia mwalimu, kwa sababu jambo hili ni la kanda yetu na linasemwa kidogo mno kwa Kiswahili. Huko Katanga, karibu na Likasi, kuna mgodi wa Shinkolobwe. Ulitoa madini ya urani yaliyokolea kuliko karibu yote yaliyojulikana duniani. Urani ina protoni 92. Atomu zake nyingi zina nyutroni 146. Kiasi cha 7 tu katika kila 1,000 zina nyutroni 143. Hizo za pili ndizo zinazopasuka kwa urahisi zikigongwa na nyutroni iliyopotea njia, na zikipasuka hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu, zinazopasua nyingine. Tofauti ya nyutroni tatu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Kongo. Wachimbaji walioyabeba mawe yale kwa mikono hawakuambiwa ni kitu gani. Nalitaja hili kwa uzito wote nilio nao: watu wa kanda hii wameshika kiini cha atomu mikononi mwao bila kupewa neno la kukiita.

MZEE: Na jiwe langu, lina hatari hiyo?

BINTI: Hapana, babu. Kalsiamu yenye 20 na 20 imetulia kabisa. Ila sikiliza hii, niliisoma nikashangaa. Ndizi ina potasiamu, protoni 19. Kati ya atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ina nyutroni 21, na hiyo haijatulia. Ndani ya ndizi moja, karibu mara 15 kila sekunde, kiini kimoja kinabadilika. Mara nyingi nyutroni moja inageuka protoni, elektroni inaruka nje pamoja na chembe nyingine ndogo isiyo na chaji. Protoni 19 zinakuwa 20.

MZEE: Ishirini si kalsiamu?

BINTI: Ni kalsiamu, babu. Yenye 20 na 20. Ile ile ya jiwe lako.

Mzee akanyamaza, na mimi ningenyamaza. Kwa kuwa amenyamaza, niongeze jambo kuhusu joto la chini ya miguu yake. Mwaka 2011 wanasayansi wa mtambo wa KamLAND, Japani, walitangaza kwamba walizinasa chembe zinazotoka tumboni mwa dunia, za jamaa ya ile ndogo aliyoitaja binti, na kwa kuzihesabu wakakadiria kwamba karibu nusu ya joto linalotoka ardhini huletwa na viini vinavyovunjika. Maji ya Mashyuza hushuka kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yakakutana na mwamba wenye joto, yakapanda. Sehemu ya joto la mwamba wa dunia ni kazi ya nyutroni na protoni. Na safari ya ndani haijaishia hapo: tangu majaribio ya Stanford ya mwaka 1968 tunajua hata protoni ina vitu ndani yake, kwaki tatu. Mwalimu anasema hizo ni za darasa lingine, nami nakubali.

MWALIMU: Basi toa hukumu, wewe uliyetuita. Nifute au nisifute?

Hukumu yangu ni hii. Mchoro wa sayari ubaki kwenye somo la historia, pamoja na tarehe yake, 1911 hadi 1926, na sababu ya kufa kwake isemwe na mwanafunzi, kama binti alivyoisema. Ila usiwe mlango wa kuingilia. Mtoto wa Nyakabuye anayekutana na atomu kwa mara ya kwanza kama duara ubaoni amedhulumiwa, kwa sababu ushahidi uko nyuma ya nyumba yao. Akutane nayo kwenye ndimu na jiwe, kwenye mizizi ya maharagwe, kwenye mizani ya babu yake. Majina ya chembe yaje baadaye, tena kwa Kiswahili na Kinyarwanda, ili mzee na mama wakae darasani wakiwa mashahidi.

Mwalimu unayesoma haya, popote palipo na tanuri la chokaa: wapeleke wanafunzi wako. Wakae upande upepo unakotokea, wasiguse chokaa iliyotoka tanurini kwa mikono, wala wasiisogeze karibu na macho. Wapime jiwe safi kabla ya moto, wapime tena likishaiva, na wakikuta 56 kwa 100, muulize mwenye tanuri awaeleze yeye kwanza.